Viini Viwili, Visanduku Vinne

Kipimo hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kuambiwa. Lazima akiguse, akishakigusa, akipime, na akishakipima, anaanza kukishuku kipimo chenyewe. Alikuwa fundi wa mafriji, tena fundi kwelikweli, na mfuko wa shati lake haukukosa kipimajoto chembamba chenye waya. Kwa fundi wa baridi hicho ni chombo cha kazi, hakuna ubishi. Lakini yeye alikitumbukiza hata kwenye chai aliyoletewa na mkewe, aone kama kweli ni ya moto kama alivyoambiwa. Siku moja alikichomeka kwapani mwa jirani aliyesema ana homa, hawezi kusaidia kuhamisha kabati. Homa ilikuwepo. Kipimo akasema kipimajoto kimezeeka, akanunua kingine.

Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Mkewe, Mama Pacha, alishaamua kumcheka. Mtaa ulimpa lile jina la Kipimo kwa kumtania, naye akalipokea kama cheo. Aliyekuwa hacheki ni mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani kila mtu alimwita Kitinda.

Kitinda alikuwa na sababu zake. Wazazi wao walipofariki, Kipimo ndiye aliyemlea, akamsomesha, akakesha naye alipougua. Kwa hiyo mwanamume yeyote aliyemtaka Kitinda ilibidi apitie kwa Kipimo. Wa kwanza alirudishwa kwa kuwa viatu vyake vilikuwa visafi mno kwa mtu aliyesema amekuja kwa miguu. Wa pili alirudishwa kwa kucheka kabla mzaha haujaisha. "Huyo anacheka kwa mpango," Kipimo alisema, na hapo hapakuwa na rufaa.

Alipotaka kumleta wa tatu, Kitinda alimkalisha kaka yake kwanza.

"Kaka, nakuheshimu kama baba, unajua. Siku yangu ya kuolewa nataka wewe ndiye unishike mkono, maana sina mwingine ninayemtaka. Lakini nakwambia mapema: huyu ukimharibu kwa mashaka yako, nitaolewa bila wewe. Mjomba yupo."

"Mjomba?" Kipimo aliruka. "Mjomba yule anayesinzia akiwa amesimama?"

"Atasinzia, lakini atasimama."

Maneno yale yalimwingia. Tuseme ukweli, aliogopa. Alijiona siku hiyo amekaa viti vya nyuma na wageni, anapewa soda kama mtu baki, huku mtoto aliyembeba mgongoni anashikwa mkono na Mjomba aliyefumba macho. Akaapa moyoni kwamba safari hii atafunga mdomo. Wanaomfahamu wanajua kiapo hicho kilikuwa na uhai wa maziwa yaliyoachwa juani.

Mchumba mwenyewe alikuwa fundi kompyuta. Kijiofisi chake kilibanwa kati ya saluni na duka la kutoa nakala, na ukutani alitundika mafeni ya kompyuta ya kila saizi, yamejipanga kama vikombe vya mshindi. Watu wakamwita Feni. Alikuwa mpole, mrefu, na alikuwa na kasoro moja kubwa machoni mwa Kipimo: haikuonekana kasoro yoyote.

Siku ya kwanza kuja nyumbani, Feni hakuja mikono mitupu. Kitinda alikuwa amemnong'oneza kwamba kaka yake ana ugonjwa mmoja, gemu. Kipimo alipenda gemu la mpira na gemu la magari, na kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekata roho katikati ya fainali. Basi Feni akamuundia nyingine kwa vipuri vyake mwenyewe, akaibeba begani mpaka sebuleni, akaiweka mezani na kuiunganisha. Mama Pacha akapiga vigelegele. Watoto wao pacha wakagombania kibonyezo cha kuwashia. Kipimo akaizunguka ile kompyuta kama anayenunua ng'ombe.

"Hii ina nguvu gani?" akauliza.

"Nikwambie ukweli," Feni akasema, "prosesa yake, yaani ubongo wake, ni ya bei nafuu. Ni ya viini viwili, kama vibarua wawili humo ndani. Kwa gemu la mpira na la magari, utafurahi. Yale magemu mapya makubwa, yenye miji mizima na watu elfu barabarani, yataisumbua. Itakwama-kwama."

Kipimo akaacha kuzunguka. Mtu anakuletea zawadi, halafu anaisema vibaya mbele yako? Tangu lini? Yeye alishauziwa mafriji mabovu na watu walioapa kwa mama zao. Hajawahi kukutana na mtu anayeiponda bidhaa yake mwenyewe.

"Ila ina jambo moja zuri," Feni akaendelea. "Haijafungwa. Kiwandani nyingine huzifunga zisizidi kasi fulani, hii wameiachia. Unaweza kuikamua, ndivyo tunavyosema sisi mafundi, ukaipandisha kasi ikaenda zaidi ya ilivyozaliwa. Lakini naomba usiiguse kwanza. Ukiikamua inapata joto, na hili feni nililoiwekea ni dogo. Nitatafuta kubwa, nitakuja niifanye mwenyewe."

"Yaani ukiikamua inakuwa kama ile mikubwa?"

"Hapana. Inachangamka kidogo tu. Vibarua wawili ukiwakimbiza hawageuki wanne. Viini vitabaki viwili, shemeji, ila kila kimoja kina—"

"Shemeji wa nani?" Kipimo akamkata. "Bado."

Hata pacha waliacha kugombana. Feni akatabasamu kwa haya, akasema samahani, akainama kufunga skrubu ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Alichotaka kusema kuhusu vile viini hakukimalizia, na hakuna aliyemuuliza. Kitinda alimtazama kaka yake kwa jicho ambalo lingeweza kugandisha maji bila friji.

Kwa wiki kadhaa mambo yakatulia. Mpira ulikuwa unachezeka safi, magari yalikuwa yanapiga kona bila kukwama, na Kipimo akaanza kukosa cha kushuku, jambo lililomnyima raha. Hapo ndipo akaja binamu yake, Mjuaji.

Mjuaji alikuwa dereva wa gari la mikate, na alijua kila kitu isipokuwa wakati wa kunyamaza. Alikaa mbele ya ile kompyuta, akabonya hapa, akabonya pale, akafungua ukurasa unaoonyesha jinsi prosesa inavyofanya kazi.

"Amekwambia viini vingapi?"

"Viwili."

"Viwili? Ebo! Hebu sogea. Hesabu hapa."

Kwenye skrini kulikuwa na visanduku vinne. Ndani ya kila kimoja mstari ulikuwa ukipanda na kushuka. Kipimo akavihesabu kwa kidole. Akavihesabu tena kuanzia upande wa pili, kwa sababu huwezi kujua. Vinne.

"Kila kisanduku ni kiini," Mjuaji akasema kwa sauti ya hakimu. "Una viini vinne hapo, kaka. Jamaa amekudanganya."

Sasa, mtu mwingine angefurahi. Ameahidiwa viwili, amepata vinne, si amshukuru Mungu aendelee na mpira wake? Thubutu! Kipimo alikaa chini polepole kwenye kochi, mkono kidevuni. Tapeli anayekwambia vinne akakupa viwili, huyo anaeleweka. Huyo ni tapeli wa kawaida. Lakini anayekwambia viwili akakupa vinne? Huyo ana nini? Vile viwili vya ziada amevitoa wapi, na kwa nini hataki vijulikane?

"Labda ni ya wizi," Mjuaji akasema, akitafuna mkate aliokuja nao. "Mali ya wizi watu huitaja ndogo, isije ikatafutwa."

"Labda."

"Au ndiyo tabia yake. Kuna watu ni wafichaji tu. Anakuonyesha nusu, nusu nyingine anabaki nayo."

Hilo la pili ndilo lililomkaa Kipimo. Alikula nalo, akalala nalo, akaenda nalo kazini. Akiwa amechuchumaa nyuma ya friji la bucha, mkono umeshika bomba la gesi, likamjia jibu lote kwa mpigo: mtu anayeweza kuficha viini viwili ndani ya boksi lililo wazi mezani, atashindwaje kuficha watoto wawili? Na watoto wawili hawaji wenyewe. Wana mama.

Msicheke. Kwake yeye hesabu ilikuwa imekamilika. Na chini ya hesabu kulikuwa na kitu cha kweli kabisa: alimpenda mdogo wake, na alihofia kumkabidhi kwa mtu ambaye yeye amemwona nusu tu. Tatizo ni kwamba alikuwa ameapa kufunga mdomo. Akajiambia kuuliza si kusema.

Ikatokea kwamba mama mwenye nyumba, yule aliyempangisha Feni chumba, alikuwa na friji lisilogandisha, na fundi wake wa siku zote alikuwa Kipimo. Akaenda. Kumbe tatizo lilikuwa ufito wa mpira mlangoni, umelegea, baridi inatoroka. Kipimo akaufungua taratibu, akausafisha taratibu zaidi, huku akisubiri mwanya wa kuingiza swali lake.

"Mama, hivi yule mpangaji wako wa kompyuta, anaishi peke yake?"

"Feni? Peke yake. Mtoto wa watu, hana makelele."

"Hana mke mahali? Na watoto wawili hivi?"

Mama mwenye nyumba aliyekuwa akichambua mchele akasimamisha mkono.

"Wawili?"

"Mimi nauliza tu, mama."

"Mh! Mtu haulizi wawili hivihivi. Angeuliza kama ana watoto. Wewe umesema wawili."

"Nimesema tu."

"Haya, fundi. Umesema tu." Na akarudi kwenye mchele wake, ila macho hayakuwa tena kwenye mchele.

Kipimo alitoka pale na mashaka yake yakiwa mazima kama alivyoingia nayo, hayakupungua wala kuongezeka. Hakujua kwamba ameacha kitu nyuma. Alikuwa ameondoka na swali lake, lakini lile neno "wawili" lilibaki jikoni, na mama mwenye nyumba alikuwa na wapangaji wengi na jioni ndefu.

Jumamosi asubuhi Mjuaji akaja na wazo jipya. Kama Feni alidanganya kuhusu viini, huenda alidanganya pia kuhusu kasi. "Amesema usiiguse, siyo? Kwa nini usiiguse? Kuna kitu hataki ukione. Tuikamue tuone."

Kipimo alisita. Ila kusita kwake kulihusu joto tu, na joto ndiyo fani yake. Akafungua ubavu wa kompyuta, akachomeka ule waya wa kipimajoto katikati ya mapezi ya bamba la kupoozea, pale juu ya prosesa. Akahisi yuko kazini. Mjuaji akaiwasha, akaingia kwenye ule ukurasa unaofunguka kabla kompyuta haijaamka vizuri, akaanza kupandisha kasi.

Walipandisha kidogo. Wakajaribu gemu moja jipya, lile la mji mzima, ambalo Mjuaji alikuwa amelileta. Lo! Lilikwenda. Si vizuri, lakini lilikwenda, na barabara zilipokuwa tupu gari liliteleza kama limepakwa mafuta. Wakapandisha tena. Kipimo aliitazama namba ya joto ikipanda, naye akapanda nayo kwa furaha.

"Unaona? Unaona?" akasema. "Ina nguvu zote hizi, halafu ananiambia ya bei nafuu!"

Lakini kila walipoingia katikati ya mji, penye watu na magari tele, picha ilikuwa inakwama vilevile. Ilikimbia penye nafasi, ikakwama penye kazi. Mtu asiye na mashaka angekumbuka vibarua wawili. Kipimo alisema ni ujanja uliowekwa humo makusudi.

"Ongeza," akaamuru.

Mjuaji akaongeza. Feni dogo likaanza kulia kama nyuki ndani ya kopo. Ikatoka harufu ya vumbi la moto. Kisha skrini ikawa nyeusi, feni likanyamaza, na kompyuta haikuwaka tena, hata walipoibonya kwa zamu, hata walipoibembeleza.

Mjuaji akakumbuka ghafla kwamba ana mikate ya kupeleka.

Mama Pacha ndiye aliyempigia Feni simu, baada ya kuchoka kumwangalia mumewe akizunguka meza. Kipimo alimwelekeza cha kusema: imezima yenyewe, ghafla, hakuna aliyeigusa. Akarudisha ubavu wa kompyuta kwa haraka, akafunga skrubu, akaketi na gazeti. Kama Feni angemwambia Kitinda kwamba ameipekua zawadi na kuiua, basi Mjomba ndiye angeshika mkono siku ya harusi.

Feni alifika mchana huohuo, jasho likimtoka. Akailaza kompyuta ubavu, akaifungua, akachungulia. Kipimo aliona mgongo wake ukitulia. Kisha Feni akaingiza vidole viwili ndani, akavuta waya mwembamba, mrefu, taratibu, mpaka kipimajoto chote kikatoka. Lo, salale! Katika ile haraka Kipimo alikuwa amekisahau humohumo.

"Imeuawa na nini?" Mama Pacha akauliza kutoka mlangoni.

Feni akaukunja ule waya vizuri, akampa Kipimo mkononi bila kumtazama sana. "Hiki chako, kilidondokea huku," akasema kwa sauti ya chini. Kisha kwa sauti ya kawaida akajibu, "Joto tu, shemeji. Haijafa. Imejizima ijiokoe."

"Asante, shemeji yangu," Mama Pacha akasema, akaenda kupika chai.

Feni akachomoa kibetri kidogo cha duara, kama cha saa, akasubiri, akakirudisha, na kompyuta ikaamka ikiwa imesahau yote iliyofanyiwa. Kipimo aliketi na kipimajoto mkononi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Angeweza kusema asante, neno dogo tu. Lakini mdudu wake wa mashaka akamnong'oneza mapema kuliko aibu: kwa nini amenifichia? Anataka nini? Si unaona, anajua kuficha!

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Kitinda, ametoka kazini, bado amevaa koti jeupe. Kazi yake ilikuwa kwenye duka la miwani. Kutwa aliwakalisha watu mbele ya ubao wa herufi, akiwabadilishia vioo machoni na kuwauliza, hivi unaona vizuri, au hivi? Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Feni.

"Leo nimempima macho mpangaji mwenzako. Hanijui, basi akawa anapiga soga. Ameniambia pale kwenu kuna kijana wa kompyuta, mpole, kumbe ana mke na watoto wawili amewaficha. Ni kweli?"

Feni alibaki na bisibisi hewani. "Watoto?"

"Wawili. Nyumba nzima inajua. Nijibu, tafadhali." Sauti ilimkatika hapo mwisho.

"Kitinda, sina mtoto. Sina mke. Nani amesema?"

"Nimekuuliza wewe."

Na Kipimo? Kipimo alijua neno hilo limetoka wapi. Alilijua kama mtu anavyojua kikohozi chake. Ilimtosha kufungua mdomo aseme: ni mimi, nililiuliza kama swali, wao wamelifanya habari. Lakini hakufungua. Aliinama mbele kidogo kwenye kochi, akamkazia Feni macho, akitazama kama jasho linaongezeka, kama koo linameza mate. Alikuwa anapima. Alijiambia ngoja kwanza, tusikie atajibu nini. Atasema sasa hivi, ila ngoja kwanza.

Kitinda akageuza shingo kumtafuta kaka yake, labda amtetee, labda apige kelele kama kawaida yake. Akamwona vile alivyokaa. Mtu anayeshinda anatazama macho ya watu huwezi kumdanganya kwa macho.

"Kaka," akasema polepole, "wewe mbona hushtuki?"

Kipimo akaketi wima. "Mimi?"

"Ungelisikia hili leo kwa mara ya kwanza, ungekuwa juu ya meza. Ungekuwa umeshamshika shati. Umekaa unatazama kama unatazama mpira. Hili unalo tangu lini?"

Gazeti likaanguka. Mama Pacha alikuwa amerudi mlangoni na birika mkononi, hasogei.

"Niliuliza tu," Kipimo akasema.

"Ulimuuliza nani?"

"Mama mwenye nyumba. Swali tu, Kitinda. Nilikuwa nakulinda! Huyu alisema kompyuta ina viini viwili, nikahesabu mwenyewe, viko vinne. Njoo uone! Mtu anayeficha viini viwili..." Na hapo, kwa mara ya kwanza, aliisikia hesabu yake kwa sauti, sebuleni, mbele ya watu, na sentensi ikamfia mdomoni.

Hakuna aliyecheka, hata Mama Pacha.

Feni akaweka bisibisi mezani. Akafungua ule ukurasa, visanduku vinne vikatokea. "Viini ni viwili," akasema. Hakupandisha sauti, ila ilikuwa imepoa kuliko siku zote. "Kila kimoja kina namna ya kushika kazi mbili kwa pamoja, kama mtu mmoja mwenye mikono miwili. Hivi visanduku vinahesabu mikono, havihesabu watu. Ndiyo maana penye kazi nyingi vinakwama hata ukivikimbiza. Nilikuwa nakueleza siku ile. Hukuniacha nimalize."

"Nilikukatisha kwa nini?" Kipimo akauliza, akili haijarudi.

"Kwa sababu nilikuita shemeji."

Kompyuta ilikuwa ikivuma taratibu mezani. Kipimo alitafuta pa kuweka macho, akakutana na kile kipimajoto mkononi mwake, akakitia mfukoni haraka kama kilichomuunguza.

Kitinda alikuwa analia, bila kelele, akifuta kwa mkono wa koti. "Nilikwambia, kaka. Nilikukalisha hapohapo, nikakwambia."

"Ulinambia."

"Nimetoka kazini nakimbia barabarani kama kichaa. Nimemuuliza mtu wangu maneno ambayo sitaweza kuyameza tena. Na wewe umekaa hapo unatazama! Ungesema neno moja tu nilipoingia, moja, ningekusamehe palepale."

Hilo ndilo lililomchoma. Si lile swali kwa mama mwenye nyumba, wala hesabu ya visanduku. Ni ule muda mfupi aliokaa kimya apime. Alitaka kusema alikuwa anakaribia kusema. Akajua kwamba hata yeye mwenyewe asingeamini.

Kitinda akamgeukia Feni. "Nisamehe."

"Twende nikusindikize," Feni akasema. Akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja. Kwa Mama Pacha akasema, "Asante kwa chai, shemeji, nitainywa siku nyingine." Kisha akamgeukia Kipimo, akampa mkono kwa adabu zote. "Nimeirudisha kwenye kasi yake. Feni kubwa nimelipata, nitalituma. Kwaheri, fundi."

Fundi. Kipimo alilisikia. Neno la heshima kabisa, hakuna anayeweza kulilalamikia, analoitwa kila siku na watu asiowajua. Lilimwingia kuliko tusi.

Walikuwa wameshafika uani Kipimo alipoinuka. Akatoka mbio, ndala moja tu mguuni, akashika nguzo ya baraza.

"Shemeji!" akaita. Jirani yule wa homa akachungulia dirishani. "Shemeji, ngoja! Nisamehe, mimi ni mjinga!"

Feni alisimama. Akageuka nusu, uso ukaanza kulainika, kwani alikuwa mtu wa kulainika upesi. Lakini Kitinda alimshika mkono, akageuka yeye mzima. Macho yalikuwa mekundu, na sauti haikutetemeka tena.

"Shemeji wa nani?" akasema. "Bado."

"Bado mpaka lini, mdogo wangu?"

Kitinda alimtazama kaka yake vizuri, kwa ule utulivu wa kazini, kama amemkalisha mbele ya ubao wa herufi na hajui bado ampe kioo gani.

"Mpaka na mimi nimalize kukupima," akasema, na wakaondoka.